Dada Yangu Alivyoyahesabu Matofali

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi, baba yetu alikufa, na ndugu zake wakaja Sola wakaswaga ng'ombe wote. Shule niliishia darasa la tatu. Aliyenilisha ni dada yangu mkubwa, kwa kufyatua matofali. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya wanaume wa pale, nao walijua.

Basi mwaka juzi dada, sasa mjane na mtu mzima, alikuwa amepanga chumba Somanda, na mwenye nyumba akamwambia ahame, anataka kubomoa. Kiwanja nilimpa mimi, palepale Somanda. Nilitaka kumnunulia na matofali, akakataa.

"Mdogo wangu, nyumba yangu ya mwisho nifyatuliwe matofali na mtu mwingine?"

Tatizo ni mvua. Udongo tuliuchimba kandokando ya majaruba ya mpunga, na mvua ikinyesha lile shimo linakuwa bwawa. Tulikuwa na nafasi ya kuchoma tanuri moja tu. Matofali yakipungua, ukuta unabaki wazi, tope la kujengea linaoshwa, na yeye hana pa kulala.

Mimi nimejenga nyingi, na huwa nakadiria kwa jicho. Yeye hapana. Msingi ulipokwisha, aliazima matofali kwa jirani akayapanga makavu juu yake, kuzunguka nyumba nzima na kuta za ndani, akiacha kati yake nafasi ya kidole kwa ajili ya tope. Akahesabu. Hiyo ndiyo kozi moja, mstari mmoja wa matofali kuzunguka kuta zote. Kisha akajenga kinguzo cha tope na matofali mpaka urefu anaoutaka, akahesabu kozi zake. Akazidisha kwa kijiti, chini mchangani.

"Na zile pembe mbili za juu, zilizochongoka, za kubeba paa?" nikamuuliza.

"Ikate moja katikati kwa mawazo, vipande uvipindue, uvibandike huku na huku kwa mwenzake. Si umepata ukuta mnyoofu? Huo nao unauhesabu."

Nilikuwa sijawahi kuiwaza hiyo, na nina miaka yangu kwenye ujenzi.

Nikamwambia basi atoe kwenye hesabu nafasi ya mlango na madirisha.

"Sitoi. Hayo ni fidia ya yatakayovunjika."

Tulipopanga tanuri akaongeza mengine mengi, safu nzima ya nje, kila upande. Akasema ya nje hayahesabiwi, moto hauyapendi. Nilimwona anajichosha bure. Tukalichoma kwa kuni na pumba za mpunga, upepo ukavuma upande mmoja usiku na mchana. Tulipolifungua, safu ya nje ilikuwa mbichi. Ukiligusa tofali linamomonyoka kama kiporo cha ugali.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa Bukundi, hodari wa kazi na wa mdomo. Akaliangalia rundo lililobaki, akamwangalia dada, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, kwa haya tutafika kwenye linta tuanze kuangalia mbingu."

"Wewe jenga. Mbingu utaiangalia ukiwa unarudi kwako."

"Na yakiisha?"

"Yakiisha utanijenga mimi mwenyewe ukutani. Changanya tope."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa ziwa. Kila jioni fundi alilitazama rundo na kutikisa kichwa, na kila asubuhi dada alimsalimia, "Mwangaluka," akampa uji na wala hakulitazama. Linta ikapita. Pembe ya kwanza ikapanda. Ya pili ilipofungwa, pale chini palibaki matofali ya kutosha kizingiti cha jiko tu. Fundi akashuka ngazini, akavua kofia.

"Mayu, nikipata kazi nyingine nitakufuata uje unihesabie."

"Utanilipa kama fundi?"

"Kama fundi mkuu."

Mabati tulipiga siku iliyofuata. Mvua ilipokuja ilimkuta ndani, anapanga sufuria zake.

Watu wa Bariadi huniita tajiri, na sikatai, nimetoka jasho. Lakini sijaona mtu mwenye akili ya ukuta kama yule mama, na hilo nalisema mbele ya yeyote.

Leo nina nyumba mbili Somanda, mashine ya kukoboa mpunga, ng'ombe arobaini, shamba la pamba Sola na trekta moja bovu. Nyumba ya tatu, ile ya bati jekundu, watu hudhani ni yangu. Ni ya dada.