Kiitikio cha Yeremia

Mwanvita anauza ndizi na magimbi sokoni Mkuyuni. Wateja wake wengi hawajui kwamba ujanani, enzi za kanda, aliimba viitikio katika albamu mbili za hip hop za Morogoro, zilizotoka mwaka uleule. Ya kwanza, Kengele ya Zamu, ilikuwa ya vijana wa Mzinga, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha huko. Ya pili, Ukungu, aliitunga Yeremia peke yake, kijana wa milimani. Kengele ilipigwa kila baa na kila saluni. Ukungu haikununuliwa sana, na Yeremia akafariki kwa ugonjwa wa ini kabla hajatoa nyingine.

Mwaka huu redio moja ya mjini ilimwalika Mwanvita kwenye kipindi cha kulinganisha albamu za zamani. Wasikilizaji waliopiga simu wote walisimama na Kengele. Walisema ndiyo iliyowafundisha vijana kuchana mistari kwa Kiswahili cha mtaani, bila kuiga Wamarekani, na kwamba wasanii wa leo bado wanakula humo.

"Na wewe, dada?" mtangazaji, Oscar, akamuuliza.

"Kengele ni kubwa, sibishi," alisema Mwanvita. "Lakini juzi nilikuwa msibani, huko Matombo. Akina mama wanamenya ndizi za msiba, mara wakaanza kuimba kiitikio kimoja cha Ukungu, kile Yeremia alichomtungia marehemu baba yake. Nikamuuliza jirani yangu, wimbo huu wa nani? Akasema ni wa mababu."

"Hukumwambia?"

"Nilishindwa. Nilikuwa nalia, akadhani namlilia marehemu."

Kesho yake bibi mmoja alifika mezani kwake sokoni. Alikuwa Theresia, mama mzazi wa Yeremia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia redioni." Akakaa taratibu juu ya gunia la magimbi. "Wanauimba kweli?"

"Wanauimba, mama. Hata mabinti wadogo."

Theresia alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwanvita akamwambia yuko tayari kurudi Matombo kuwaeleza wale akina mama wimbo ni wa nani.

"Usiwaambie. Wakijua wimbo umetoka kwenye muziki wa vijana, wataona haya kuuimba msibani. Waache." Kisha akasema, "Ila mimi nifundishe maneno yake. Alipokuwa hai sikuwahi kuusikiliza."

Mwanvita akafunika ndizi zake kwa turubai, akakaa kando yake, wakaanza na mstari wa kwanza.