Mafuta ya Nyonyo kwa Mashua ya Dada Zaina

Mliokulia Lushoto rika moja nami hamhitaji kukumbushwa baridi ya mwezi wa saba. Tulikwenda shule pekupeku, ukungu umeziba njia, kila mtu na viazi vya kuchoma mfukoni, kwanza vya kupasha mikono, halafu vya kula. Jioni tuliteremka mlimani kwa vigari vya mbao visivyo na breki, tukarudi nyumbani magoti yamechubuka, na dawa yake ilikuwa kuchapwa kwanza ndipo tuoshwe kidonda. Watoto wa siku hizi wakianguka kutoka kwenye kochi, familia nzima inakodi gari.

Vigari vile tuliviunda kwa vipande tulivyookota kwenye karakana ya Baba, nyuma ya nyumba. Baba alikuwa seremala. Alipenda mbao za mkulo, na hata leo nikifumba macho naisikia harufu yake, kali kama kafuri, imeingia kwenye shati lake, kwenye kanzu yake ya Ijumaa, mpaka kwenye chai. Ujanani alifanya kazi kwa mafundi wa mashua Pangani. Ndiyo maana dada yetu mkubwa, Zaina, alipoolewa bondeni upande wa Mnazi, Baba aliamua kumjengea mumewe mashua ndogo. Shemeji Hatibu alilima mpunga ng'ambo ya bwawa, na kila siku alipoteza asubuhi nzima akilizunguka kwa miguu.

Mashua mlimani ilikuwa kioja. Majirani walikuja kuitazama, wakamuuliza Baba kama ameoteshwa gharika ya Nuhu. Siku ya kuishusha ilipandishwa kwenye lori la kabichi, na kwa kuwa dereva hakutaka nafasi ipotee, nayo ikajazwa kabichi.

Wakati huo madukani hapakuwa na kitu. Sabuni yenyewe tuliipangia foleni, sembuse rangi ya mbao. Baba alitumia mafuta ya nyonyo. Sisi watoto tuliokota mbegu vichakani, Mama akazikaanga, akazitwanga na kuzichemsha mpaka mafuta yakaelea juu, akayaengua. Baba akayeyusha nta ya nyuki ndani yake, akaipaka mashua yote kwa kitambaa, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Mbegu zile ni sumu, na Mama alituonya kwamba atakayeonja atamwona Izraili. Mimi niliamini kabisa kwamba Izraili anaishi kwenye mnyonyo.

Shida ya mafuta hayo ni kwamba hayakudumu. Jua la bondeni liliyanyonya, na kila mwaka baada ya masika mbao zilianza kupauka. Basi Baba alibeba kopo lake, akashuka Mombo, akazunguka mpaka Mnazi, akakaa kwa Zaina siku kadhaa akiipaka upya. Alimchukua mmoja wetu kwa zamu. Zamu yangu naikumbuka vizuri: joto, mbu, na Zaina akitukimbilia njiani na unga mikononi, akapiga magoti kumwamkia Baba. Jioni alikaa chini kando ya mashua, akimshikia kopo na kumsimulia mambo ya mwaka mzima. Baba hakuwa msemaji, lakini siku zile alicheka sana.

Vijana wa leo watashangaa kwa nini alingoja mashua ipauke ndipo aende. Kwetu baba wa binti hakwenda kwa mkwewe hivi hivi. Akionekana huko bila shughuli, watu walisema amefuata mahari iliyobaki, au kwake chakula kimekwisha. Mwenye kopo la mafuta ana kazi, na mwenye kazi haulizwi.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Mtakumbuka tulivyochanganyikiwa. Sabuni za kila rangi, mitumba kila Jumapili, na dukani mjini yakapangwa makopo ya vanishi yenye picha ya meli. Idd ya mwaka ule Zaina na mumewe walipanda kuja kutuona, na baada ya chakula Baba akatoa kopo moja, akaliweka mkekani katikati yetu. Shemeji Hatibu alilishika kwa mikono miwili. Alisema amesikia mbao zikipakwa hiyo zinang'aa kama kioo, na maji hayaingii. Sisi watoto tulishangilia, tukitaka mashua ya kujitazamia sura.

Zaina peke yake ndiye aliyekataa. "Tate, paka mafuta," alisema, akimwita Baba kwa Kishambaa kama tulivyomwita sote nyumbani. "Hii inang'aa tu."

Tulimcheka. Tulisema ameolewa porini akawa wa porini. Baba naye alitabasamu, akamweleza kwa upole kwamba yeye amezeeka, na wao wana kazi zao.

"Hii ukiipaka umemaliza, mwanangu. Sitawasumbua tena."

Zaina alikwenda jikoni akamenya magimbi mengi kuliko tuliyoweza kula. Mama alimtazama, kisha akamtazama Baba.

Baba alishuka mwaka ule, akapaka vanishi, akarudi. Mashua iling'aa kweli. Mwaka uliofuata, masika yalipokwisha, Mama alimuuliza lini anakwenda Mnazi. Akasema kule hakuna kazi. Mama akamwambia aende tu amwone mwanawe. "Niende kukaa kama mdai?" akauliza Baba, akarudi kwenye randa yake. Nilimwona akilishika lile kopo la nyonyo rafuni, akilipangusa vumbi na kulirudisha mahali pake. Mwaka baada ya mwaka alifanya hivyo, na bado naumia nikikumbuka.

Jua la bondeni halikuiheshimu vanishi. Ilipasuka, ikabanduka kama ngozi ya muhogo. Lakini Shemeji Hatibu aliona aibu kumpelekea mzee habari kwamba zawadi yake imeharibika mikononi mwake. Alinunua kopo jingine, akapaka juu ya ile ya zamani. Ikibanduka, anapaka tena. Alifanya kwa adabu, kama Baba alivyokaa mbali kwa adabu. Maji yaliyokwisha kuingia ndani hayakupata pa kutokea, mbao zikaoza chini ya mng'aro ule, na siku mashua ilipotoboka, magoti ya Baba hayakuweza tena kuteremka mlima. Alifariki bila kupaona tena kwa Zaina.

Kwenye matanga nilikaa na dada yangu karakanani. Alilishusha lile kopo rafuni, akalifungua, akanusa. Nilimwambia sote tulipaswa kumsikiliza siku ile ya Idd, kwani mafuta ndiyo yalikuwa bora. Akatikisa kichwa.

"Mimi sikujali mafuta," alisema. "Nilitaka kitu kinachoisha kila mwaka."

Enzi zetu vitu vilichakaa, na kwa kuchakaa kwake tulionana. Paa lilivuja, mjomba akaja. Mpini ulivunjika, mtu akaenda kwa jirani, akanywa chai huko mpaka jioni. Sasa tuna vigae visivyofubaa, viti vya plastiki visivyooza, na simu ya kumwonyesha mtu uso wako huku ukifikiria mambo mengine. Mwanangu yuko Dar es Salaam, kijana mwema, hakosi kunipigia. Juzi amesema atanitumia fundi aung'oe mlango wangu wa mkulo, aweke wa alumini, nisihangaike tena na mafuta.

Nimemwambia mlango unabaki. Nimemwambia pia kwamba umeanza kupauka, mikono yangu haina nguvu, na masika yakiisha aje aupake mwenyewe. Akasema kuna rangi mpya, ukipaka mara moja unasahau.

Nikamwambia hiyo ndiyo nisiyoitaka.