Kwa Nini Migebuka Hawakushinda Ugenini

Ninyi mliokulia Ujiji miaka ile watu wakivuka ziwa na magodoro kichwani, hamhitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka harufu ya mawese yakichemka asubuhi, dagaa wameanikwa mchangani, na mitumbwi kutoka upande wa Kagunga ikishusha watu badala ya samaki. Mnakumbuka madarasa yalivyojaa ghafla, dawati la wawili likakaliwa na wanne, na mwalimu akiita majina ambayo ulimi wake ulikuwa haujayazoea. Hayo yamesemwa sana. Mimi leo nataka kusema habari ya mpira wa kikapu, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisemwa kwa uongo.

Timu yetu iliitwa Migebuka, jina la samaki, maana hatukuwa na mfadhili wa kutupa jina jingine. Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, udongo mwekundu tulioumwagia maji na kuushindilia kwa miguu yetu wenyewe. Ubao wa goli tuliuunga kwa mbao za mtumbwi uliopasuka, upande mmoja bado una rangi ya bluu, na pete yake tuliikata kwenye pipa la mawese. Vijana wa siku hizi hawachezi mpaka wapate viatu vyenye jina, soksi za kuvuta hadi gotini na mwenzao wa kuwapiga picha. Kwetu mwenye raba alivaa ya kulia akamwazima mwenzake ya kushoto, na wote wawili waliruka vizuri tu.

Kabla ya Fideli kuja, tulikuwa tunaukimbiza ule mpira kama watu wanaofukuza kuku wa sikukuu. Fideli alivuka kutoka Burundi na majirani zao, peke yake katika familia, akafikia kwa shangazi yake, Mama Saidi, aliyeolewa Ujiji tangu zamani na kukaanga migebuka pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Wenzake walishuka na sufuria na blanketi. Yeye alishuka na mpira wa kikapu wa kweli, ameutoa upepo na kuukunja ndani ya shati.

Mama Saidi alishika kichwa. "We mtoto, nyumba nzima imeungua, wewe umeokoa hiki?"

"Ndicho kilichokuwa karibu, shangazi," Fideli akamjibu.

Alikuwa mwembamba, mpole, mkubwa wetu kwa mwaka mmoja au miwili. Kwao alijifunza mchezo kwa mapadri, kwa Kifaransa, na hivyo ndivyo alivyotufundisha. Mtu akikujia kwa nyuma, wenzako walikupigia kelele "Deriye!" Ukifika mahali pa kurusha, waliita "Tire!" Na lile kubwa kuliko yote, ambalo Fideli alilitamka taratibu huku akiudunda mpira katikati ya uwanja kana kwamba anabembeleza mtoto, lilikuwa "Dusma." Maana yake tulia, usiwe na haraka, mpira ni wetu. Tukiongoza na muda umebaki kidogo, Fideli akasema dusma, tulirudia neno hilo sote watano, na mapigo ya moyo yalishuka kweli. Hakuna timu iliyotoka salama kwenye uwanja wetu. Mpaka leo nikikwama foleni ya benki najikuta nalisema moyoni.

Matatizo yalikuwa ugenini.

Wakati huo mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Pale Ujiji hakuna aliyemuuliza mtu ametoka wapi, kwa sababu maswali hayo yangeanza asubuhi, kufika jioni nusu ya mji ingekuwa imehojiwa. Babu zetu wenyewe, wengi wao, walitoka ng'ambo ile ya Kongo. Lakini barabarani palikuwa na kizuizi, na pale kizuizini waliuliza. Kwa hiyo Fideli alicheza nyumbani, na sisi tukisafiri alibaki mwaloni akimsaidia shangazi yake kupara samaki.

Tulipanda lori la chumvi, au la muhogo, tukaenda kucheza bila yeye. Na msije mkadhani tulikuwa wabovu. Karibu kila mechi tuliongoza mpaka dakika za mwisho. Hapo ndipo mmoja wetu, kwa mazoea, alipopaza sauti, "Deriye!" Mtazamaji mmoja alianza na wengine wakapokea: "Wakimbizi! Wakimbizi! Rudini kambini!"

Sisi Waha na Wamanyema, tuliozaliwa hapa na tuliozikiwa vitovu hapa, tunaitwa wakimbizi na Waha wenzetu wa huko milimani. Tena wanatutukana kwa Kiha, lugha ambayo Mrundi anaielewa bila mkalimani! Ningecheka kama isingekuwa hatari. Lakini ilikuwa hatari, kwa sababu nani kati yetu alitembea na karatasi ya kuthibitisha kuzaliwa kwake? Mwenzetu mmoja alishawahi kushushwa kwenye lori kwa ajili ya lafudhi yake tu, akakaa kituoni mpaka baba yake akaenda na balozi wa nyumba kumi kumdhamini. Basi tukisikia kelele zile tulifunga midomo. Na mchezo wetu bila midomo haukuwa mchezo. Pasi zilikwenda kwa watu wasiokuwepo, mtu aliporwa mpira mgongoni huku wenzake wanamtazama. Tulifungwa kwa kapu moja, kwa mtupo mmoja wa adhabu, kila safari. Nyumbani walisema tumerogwa, wengine wakasema hatuna stamina. Mama yangu alitupokea kwa maneno yale yale: "Mngeshinda mngekula dagaa, mmeshindwa kuleni dagaa, nendeni mkanawe."

Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Haule, mtu wa kusini aliyeletwa Kigoma kikazi. Alikuwa na shati jeupe la mikono mirefu na filimbi shingoni hata siku zisizo na mechi. Tulimpenda, nisiseme uongo. Alituchangia ndizi, alitufundisha hesabu za jiometri kwa kutumia ule ubao wa goli. Lakini kufungwa ugenini kulimuuma kuliko kulivyotuuma sisi. Wenzake ofisini walimtania kila Jumatatu, na yeye hakuwa mtu wa kutaniwa.

Ilipofika mechi ya mwisho ya mwaka, huko katika mji mmoja wa milimani ambao sitautaja, akaamua tumchukue Fideli. Alikwenda mwenyewe mwaloni kuongea na Mama Saidi. Tulikuwa nyuma yake, tumebeba mpira, tumejawa na furaha ya kijinga.

"Mwalimu," Mama Saidi alisema, mikono yake ina magamba ya samaki, "huyu ndiye niliyebakiziwa na kaka yangu. Wakimuuliza kule itakuwaje?"

"Mama, wakimuuliza nitajibu mimi. Nitasema ni mwanafunzi wangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, watanisikiliza. Nitakurudishia mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Mama Saidi alimtazama sana. Kisha akafunga migebuka ya kukaanga kwenye jani la mgomba, akampa Fideli, naye akatugawia sote kabla lori halijafika Mwanga, pale pale mjini Kigoma.

Pale kizuizini Mwalimu aliteremka, akasalimiana na watu, akacheka kwa sauti, tukapita. Kisha akarudi kumwambia Fideli: "Uwanjani wewe ni bubu. Ukifungua mdomo umetumaliza."

Hebu fikirini. Mtu anayeendesha timu, ambaye mchezo wake wote uko kwenye sauti, anaambiwa awe bubu. Lakini hata akiwa bubu alikuwa Fideli. Alitupa mipira mahali ambapo tulikuwa bado hatujafika, tukafika na kuikuta. Tuliongoza kipindi cha kwanza, tukaongoza cha pili. Halafu dakika zile zetu zikaja. Mwenzetu mmoja alisahau akaita "Tire!", na kelele zikaanza, "Wakimbizi! Wakimbizi!", wanawake wanagonga masufuria, watoto wanarusha maganda ya miwa. Tukanyamaza kama kawaida yetu. Wenyeji wakapata kapu, wakapata jingine, wakatufikia.

Fideli akaudaka mpira. Akasimama katikati ya uwanja akiudunda polepole, akatutazama mmoja mmoja, na akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye miti ya nyuma, "Dusma. Dusma, bana."

Tulizinduka wote. Tukaitikia dusma, tukaita deriye, tukaita kila tulichofundishwa, na wao wakituita wakimbizi tukawa hatusikii. Mpira ulizunguka kwetu sote, ukarudi kwake, akaingia kati ya watu wawili wakubwa na kuuweka kapuni taratibu. Kipenga kikalia. Tumeshinda! Mara ya kwanza ugenini, kwa kapu moja. Tulimbeba Fideli, na tulipomteremsha mabwana wawili waliovaa kiraia walikuwa wamesimama kwenye mstari wakimsubiri.

Walimpeleka kwenye meza ya waamuzi, na sisi tukafuata. Mmoja wao hakuwa mkali hata kidogo, hilo ndilo linaloniuma. Alimgeukia Mwalimu Haule na kumuuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyu kijana ni wako?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Mwalimu aliangalia shati lake, akaangalia filimbi yake. Akasema, "Huyu si wetu. Aliomba lifti njiani."

"Na jezi aliiomba njiani?" yule bwana akauliza, na watu wakacheka.

Tulipiga kelele. Tulisema ni wetu, anakaa Ujiji, shangazi yake anajulikana, mwulizeni yeyote pale mwaloni. Nani anawasikiliza watoto wakati mwalimu wao ameshasema? Refa ndiye aliyesikiliza kwa makini kuliko wote. "Kama si wenu," alisema, "basi mmechezesha mtu asiye wenu." Akawapa wenyeji ushindi palepale.

Kwa hiyo hata siku tuliyoshinda, tulifungwa. Fideli alivua jezi, akaikunja vizuri kama alivyokunja mpira wake siku ile ya kuvuka, akanikabidhi mimi. Wakaondoka naye kifua wazi.

Njia nzima Mwalimu Haule alikaa mbele na dereva. Lori lilipofika Ujiji, Mama Saidi alikuwa amesimama barabarani, amevaa khanga yake ya kutokea, maana habari za ushindi zilitangulia na habari nyingine zilikuwa bado. Alituhesabu kwa macho tulipokuwa tukishuka. Alipoongea hakutumia Kiswahili.

"Umwana wanje ari hehe?"

Mwanangu yuko wapi. Hatukuhitaji kutafsiriwa, maana kwa Kiha tungeuliza karibu hivyohivyo. Mwalimu alishuka upande wa pili wa lori, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Mama Saidi alizunguka kambi moja baada ya nyingine. Huku aliambiwa kijana amehamishiwa kule, kule akaambiwa amerudishwa kwao. Aliendelea kukaanga migebuka pale pale mwaloni mpaka alipofariki, na kila mtumbwi ulioingia aliunyanyulia kichwa. Mimi nilimpelekea ile jezi. Alinirudishia, akasema haina mwili.

Siku hizi pale nyuma ya shule pana saruji, ubao wa kioo na taa. Vijana wamejaa, warefu, wamekula vizuri kuliko sisi, na bado wakienda Tabora wanafungwa dakika za mwisho, na redioni wachambuzi wanatueleza habari za lishe na saikolojia. Maneno yao ya uwanjani ni ya Kiingereza cha kwenye simu. Lakini mwezi uliopita, wakiwa wanaongoza na muda unaisha, nilimsikia mtoto mmoja mwembamba akisema "dusma". Nilimwita nikamuuliza amelitoa wapi. Akaniambia, "Ni la hapa hapa, mzee, la tangu zamani."

Siku hiyo hiyo kulikuwa na sherehe ya kugawa vikombe, na mgeni rasmi alikuwa Mwalimu Haule. Alistaafu, akajenga Mwanga, akawa mwenyeji wetu. Bado shati jeupe. Alisimama na kipaza sauti akawasimulia vijana jinsi alivyoipeleka Migebuka milimani mwaka ule na kushinda, kelele za masufuria zikiwapo. Habari ya meza ya waamuzi aliiruka. Kijana mmoja akanyoosha mkono kuuliza nani alifunga kapu la mwisho.

"Fideli," Mwalimu alisema, akatabasamu kwa uchungu mtamu wa wazee. "Kijana mmoja hodari wa hapa Ujiji. Wetu kabisa."

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani. Neno lenyewe ndilo lile tulilomsubiri aliseme pale mezani, mbele ya yule bwana mwenye adabu, na lilikuwa fupi vilevile.