Sikusema Kidogo

Mama alikuwa ameshabandika maji kabla hatujamaliza kumweleza. Dada na mimi tulifika Qurus, kijijini kwetu, kwa miguu kutoka Karatu mjini, jua likiwa limeshapanda. Alipouona uso wa dada aliingia jikoni akaongeza kuni. Hakulia wala hakuuliza mengi. Alimkalisha dada kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akalibandua taratibu gauni lililokuwa limegandamana na mgongo kwa damu, akamwogesha kama anavyoogeshwa mzazi aliyetoka kujifungua. Akampaka mafuta. Akamvalisha kitenge cha kanisani, na kitambaa cha kichwa akakishusha mpaka kikafunika kidonda kilichokuwa juu ya sikio. Gauni lenyewe alilifua kwa sabuni ya mche, akalisugua mpaka maji yakatoka meupe, akalianika juu ya uzio wa minyaa.

"Sasa twendeni," alisema. "Serikalini haendi mtu akiwa mchafu."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtu akiitwa ofisini, hata kama ni kwa kesi ya mbuzi waliokula mahindi ya jirani, anaoga na kutafuta viatu. Mimi pia niliona mama amefanya vizuri. Dada alionekana mtu tena.

Dada yangu alikuwa ameolewa na dereva wa watalii. Wakati huo lami ilikuwa imeshafika Karatu, magari ya kwenda Ngorongoro yalikuwa mengi, na dereva anayejua Kiingereza alikuwa mtu mkubwa. Shemeji alisalimia kila mtu, alitoa lifti kwa kila mtu. Mimi nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kwao nimsaidie dada kulea. Mtoto alikuwa wa kiume, ndio kwanza anaanza kusimama kwa kushika viti, na bado ananyonya.

Jioni ya kuamkia siku ile shemeji alirudi amekasirishwa na watalii aliowapeleka, na chakula kikawa hakijaiva. Alitumia mkanda wa feni wa gari, ule mpira mgumu ambao madereva hubeba wa akiba. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alipochoka alinifungua kanga, akamchukua mtoto, akatusukuma nje sote wawili na kufunga mlango kwa ndani. Akasema kupitia dirishani, "Mtoto anakwenda kwa mama yangu Moshi. Wewe rudi kwenu ukapalilie vitunguu." Tulilala kwa jirani.

Kwa hiyo dada alipokubali kwenda polisi hakuwa akifikiria mgongo wake. Alitaka kumpata mtoto kabla hajapandishwa gari la Moshi. Na alitaka, ingawa hakulisema mbele ya mama, asirudi tena katika nyumba ile.

Kituoni askari wa kaunta alimwamkia mama kwa heshima, kisha akamwangalia dada kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mna harusi leo? Mbona mmependeza hivi?"

Mama akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba amepigwa na mume wake. Askari akauliza mume ni nani, na alipotajiwa akacheka kwa furaha.

"Yule dereva? Aa, mtu wa watu yule! Juzi tu katupa lifti mpaka Rhotia. Dada yangu, mtu aliyepigwa hang'ai hivi. Rudini mkayamalize na wazee."

Kwenye benchi nyuma yetu mtu akaguna, mwingine akacheka. Tungeondoka. Mama alikuwa ameshageuka. Lakini dada hakuondoka, alisimama palepale ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na kitenge chake cha kanisani kikaanza kulowa kifuani. Maziwa. Hakuwa amenyonyesha tangu jana yake. Maziwa yalijaa na kutoka yenyewe, yakashuka mpaka kwenye mkanda wa kitenge. Askari akaona, akainamisha macho kwenye karatasi zake.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mwisho, amevaa sweta na kandambili. Hakuangalia uso wa dada, aliangalia kifua.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Kwa baba yake."

"Afande, hawa ni wangu," akamwambia askari wa kaunta, akatuongoza.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa askari. Alikuwa mshauri, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyepewa nafasi ndani ya kituo kukaa na wanawake waliopigwa. Alishirikiana na askari mmoja wa kike ambaye siku hiyo hakuvaa sare. Wawili hao walikuwa na chumba kimoja, meza moja, chupa ya chai na benchi. Askari wa kike alikaa mezani. Mshauri hakukaa mezani. Alikaa kwenye benchi pamoja na sisi, bega kwa bega na dada, wote tukaangalia ukuta kama watu wanaosubiri basi. Nilimpenda kwa hilo. Mimi nikiangaliwa usoni maneno hunipotea. Shuleni nilichapwa mara nyingi zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kukosa.

"Unataka nini?" alimuuliza dada. Si "umefanya nini" wala "kimetokea nini."

Dada akakivuta kitenge kufunika kifua. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu aolewe.

"Mtoto wangu," akasema. Kisha, huku akimkwepa mama, "Na nisirudi."

"Sawa. Tutayafanyia kazi yote mawili." Akamgeukia mama. "Mama, nguo aliyokuwa amevaa jana iko wapi?"

"Nimeifua, mwanangu. Imetakata kabisa."

Askari wa kike akaweka kalamu chini. Mama akamtazama huyu, akamtazama yule, na nikaona anaanza kuelewa. Mikono yake ikakaza kanga.

"Damu nimeiosha mimi," akasema.

"Umemtunza mtoto wako," mshauri akamjibu. "Hilo si kosa. Majeraha ya mgongoni hayakutoka kwa maji. Tutampeleka hospitali na fomu ya polisi, daktari atauandika mgongo. Lakini daktari hajui mkono uliopiga ni wa nani. Kuna mtu aliyeona?"

"Hakuna," dada akasema haraka. Alikuwa ananikinga. Alijua mimi ni mtu wa namna gani.

Mshauri hakunigeukia. Alimimina chai, akaniwekea kikombe pembeni, akaendelea kuangalia ukuta. Nilikunywa nusu. Kisha nikaanza kusema, na nilichosema kilitoka kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani. Kiswahili nilikijua vizuri, nilikisoma miaka saba, lakini siku ile hakikuja. Mshauri akamwomba mama atafsiri.

Hivyo mama akayasikia yote kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, na papo hapo akalazimika kuyatoa kwa mdomo wake mwenyewe. Nilisema habari ya mkanda wa feni. Mama akasema, "Anasema alikuwa na mkanda." Nilisema dada alianguka kwenye mlango wa jiko akapigwa akiwa chini, na aliposhika mguu wa meza ili ainuke akapigwa kwenye vidole.

"Anasema," mama akaanza, "anasema alimpiga kidogo."

Sikuwahi kumsahihisha mama yangu maishani. Kwetu mtoto hamkatizi mzazi mbele ya wageni, na mbele ya serikali ndiyo kabisa. Nilijua pia kwa nini alisema hivyo. Mkwe huyu alimnunulia bati za nyumba. Kanisani alikaa naye benchi moja.

"Sikusema kidogo," nikasema. Kwa Kiswahili.

Mama akanitazama.

"Mama, sikusema kidogo. Alimpiga mpaka akachoka. Akapumzika, akampiga tena."

Askari wa kike akachukua kalamu. Baada ya hapo niliendelea mwenyewe, polepole, naye akaandika polepole, na mshauri akanisubiri kila niliposimama. Mama alikuwa amejifunika kanga usoni.

Tulipomaliza hawakungoja kesho. Mshauri alisema kwanza mtoto, hospitali baadaye, maana titi likivimba hivyo dada angepata homa, na mtoto akishafika Moshi ingekuwa kazi nyingine. Tukapanda gari la polisi.

Shemeji alikuwa uani anaosha gari lake, redio imefunguliwa. Jirani mwingine alikuwa amembeba mtoto kando, anamlazimisha uji, mtoto analia kwa sauti iliyokauka.

"Afande! Karibuni chai," shemeji akasema. "Mbona mmekuja kama mnakamata majangili?"

"Tumekuja mtoto anyonye," mshauri akasema.

"Basi anyonye, halafu mama yake aingie jikoni, yaishe. Mambo ya ndani haya, dada zangu. Wageni wangu wanashuka kreta ya Ngorongoro kesho, sina muda."

"Atanyonyea kwenye gari," askari wa kike akasema. "Na wewe utafunga hilo bomba, utavaa shati, tutaongozana."

Mtoto alipomwona dada alinyoosha mikono miwili na kuacha kulia. Dada akaingia naye kwenye gari, akafunga mlango. Shemeji akatafuta mtu wa kumcheka, akaniona mimi.

"Na wewe bubu, umefuata nini?"

"Nepi za mtoto," nikajibu.

Nikampita, nikaingia ndani. Nilichukua nepi, shuka la mtoto, kadi yake ya kliniki, na kanga zangu. Mkanda wa feni ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake kama kawaida, maana hakuwa amefikiria kuuficha. Sikuugusa. Nilirudi mlangoni nikamwita askari wa kike, nikamwonyesha kwa kidole.

Hazikupita wiki nyingi, wazee wakaja Qurus. Wengine walikuwa wa ukoo wetu, wengine watu wa kwao shemeji waliohamia Karatu kwa biashara. Walileta pombe na kondoo wa kuomba msamaha, na shemeji, ambaye alikuwa ametoka kwa dhamana, alibaki barabarani ndani ya gari. Mama aliwakaribisha vizuri. Mimi niliogopa. Nilijua kondoo huyo akishafungwa uani kwetu, dada atarudi, na mtoto pamoja naye.

"Mama," mzee mmoja akasema, "vijana hukosana. Tumesikia binti alipigwa kidogo, na mwenzake anajuta."

Mama akaweka birika chini.

"Kidogo?" akasema. Akaanza. Alisema habari ya mkanda wa feni, mlango wa jiko, vidole kwenye mguu wa meza, na namna alivyopumzika akaanza tena. Alisema yote kwa mpangilio uleule niliousema mimi, hakuacha hata moja. Dada alikuwa dirishani anamnyonyesha mtoto, anasikiliza. Wazee wakaangalia vikombe vyao.

"Huyo kondoo mrudisheni," mama akamaliza. "Hapa hatuna pa kumfunga."

"Lakini mama, nyumba itavunjika."

"Nyumba yangu hii hapa imesimama, baba. Kunyweni chai."

Wakanywa, wakaondoka na kondoo wao akilia njiani.

Kesi ilichukua muda. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na mara mbili mtu alinifuata shambani kuniuliza kama kweli nilikuwa na hakika. Mshauri alikuja kila ilipoahirishwa, wakati mwingine kwa kutembea, na hakuniambia hata mara moja kwamba nisiogope. Aliniambia tu mlango wa kuingilia uko wapi na nitasimama upande gani.

Siku ya kutoa ushahidi mama alichemsha maji tena. Niliogeshwa, nikapakwa mafuta, nikavalishwa kitenge kilekile cha kanisani, ambacho madoa ya maziwa yalikataa kutoka kabisa. Mshauri alipotuona mlangoni mwa mahakama alicheka. "Leo hata mngekuja na maua," akasema.

Shemeji alikuwa amekaa mbele na shati jeupe. Nilianza kusema, na hakimu akanikatiza.

"Ongeza sauti, binti. Karani hakusikii."

Nikamtafuta mama. Alikuwa benchi la nyuma, amempakata mtoto, bega kwa bega na dada. Nikageukia ukuta uliokuwa nyuma ya hakimu, nikaanza upya tangu mlangoni, kwa sauti ambayo hata mama kule nyuma kabisa aliisikia.

Dada hakurudi tena katika nyumba ile. Mtoto alijifunza kutembea Qurus, kwenye matuta ya vitunguu, akiyaharibu yote, na mama hakumkemea.