Jumamosi Tatu za Kijito

Niliacha shule darasa la tano, na kazi yangu kubwa miaka ile ilikuwa kutazama kazi za wengine. Nikisikia mahali panachimbwa shimo au pameletwa mashine, nilikwenda. Ndivyo nilivyoingia kwenye mafunzo ya kulinda kijito cha Mikindani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliona watu wamekusanyika uani kwa kanisa, nikachungulia.

Wengi walikuwa akina mama waliolima mchicha bondeni. Mwalimu wao alijaza maji ya kijito kwenye chupa ya kioo, akaweka kipande cha gazeti nyuma yake: maandishi yakisomeka kupitia maji, maji ni safi. Kila Jumamosi mtu ashuke, apime hivyo, kisha aandike kwenye daftari la kikundi: yanasomeka, au hayasomeki.

"Na sisi tusiojua hizo herufi?" aliuliza mama aliyekuwa kiongozi wao.

"Mchagueni mmoja anayezijua."

Mama akanigeukia. "Huyu hapa mwenye shingo. Tangu asubuhi yuachungulia. Wewe wasoma?"

"Nasoma, mama."

"Basi ingia ndani, hiyo shingo ipumzike."

Walicheka, nikaingia, nikakabidhiwa daftari.

Miezi miwili nilipima kwa uaminifu. Kisha nikasikia kwamba Mtongwe kuna meli kuukuu inakatwa iwe chuma chakavu, nikataka kujua moto unakataje chuma. Nilikaa huko wiki tatu. Niliporudi, nilijaza Jumamosi zote tatu kwa mkao mmoja: yanasomeka, yanasomeka, yanasomeka. Nilibadilisha kalamu katikati ili ionekane ni siku tofauti.

Sikujua kwamba wiki hizohizo bwana mmoja aliyeloweka ngozi kule juu alikuwa akifungulia maji ya dawa ya shimo lake kijitoni. Miche ya akina mama iliungua. Walishtaki, na afisa wa serikali akaja barazani kuwasikiliza. Walichotaka kilikuwa kimoja tu: shimo lihamishwe, walime.

Mama alisimama. "Jumamosi ya pili, siku tuliyomzika jirani yangu, nilinawa miguu pale. Maji yalikuwa meusi kama masizi, haki ya Mungu."

Afisa akaomba daftari. Nilimpa kwa mikono miwili. Akalifunua, akasoma kwa sauti, kisha akavua miwani.

"Mama, hili ni lenu wenyewe. Siku hiyo yanasomeka. Nimfungie mtu kazi yake kwa lipi?"

Mwenye ngozi alitazama viatu vyake. Mama alinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayengoja kupokewa mzigo.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyepima. Yalikuwaje?"

Neno moja tu lingetosha. Watu walikuwa wengi, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naitwa "mwenye daftari".

"Kama yalivyoandikwa, mama."

Alishika fundo la leso.

"Basi labda nimechanganya siku," alisema. "Mimi sikusoma, bwana afisa. Na nilikuwa na msiba."

Akaketi. Shimo likabaki palepale.

Kesho yake alinifuata nyumbani na karatasi aliyoikunja mara nne, pamoja na fungu la mchicha wa kunishukuru kabla sijafanya lolote. Majani yake yalikuwa yameungua pembeni.

"Nimemsingizia mtu mbele ya kadamnasi," alisema. "Niandikie barua nimwombe radhi yule bwana wa ngozi. Tia maneno mazuri, wewe wayajua."

Ningeweza kumwambia hapo. Tulikuwa wawili tu, naye angenitukana, labda angenisamehe. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami niliujali hata siku ile. Nilimsomea mara mbili, akisikiliza ameinamisha kichwa, na kabla ya kutia dole gumba akanizuia.

"Hapo hujasema kwamba kosa lilikuwa langu, la kuhesabu siku."

Nikaongeza.