Salamu Haikatwi

Wiki hii nilipanga foleni katika ofisi ya utamaduni ya mtaa wa Auderghem, nyuma ya watu wawili wa bendi moja ya hapa Brussels. Mmoja alikuwa mama mpiga ngoma, mzaliwa wa Bukavu. Mwenzake Mbelgiji mrefu, tarumbeta mgongoni. Bendi yao inachanganya Afrobeat na tarumbeta za magwaride ya vijijini Ubelgiji, nao walikuja kujiandikisha kwa tamasha la mtaa.

Karani, mzee wa Lubumbashi, akawasogezea fomu. "Maman, ni nyimbo tatu. Quatre minutes, dakika ine, kila moja."

"Quatre minutes?" Mama akaweka vijiti vyake vya ngoma juu ya kaunta. "Papa, kwetu hiyo ni salamu tu. Bass inasalimia, ngoma inaitika, trompette zinaingia moja moja. Weye ulishaona muntu anaingia kwa bantu, anasema jambo, anatoka?"

"Bon, mukate kidogo. Kama hapana, hamupande podium ya tamasha."

"Hatukate."

"Hatukate," akarudia Mbelgiji. Nadhani ndicho Kiswahili chake chote, na kilimtosha.

Mama akachukua kalamu, akajaza. Wimbo wa kwanza: Salamu. Wa pili: Salamu inaendelea. Wa tatu: Bado tunasalimiana.

Karani akasoma mara mbili, akahesabu dakika kumi na mbili za salamu moja, akakuna kidevu, akagonga muhuri.

Mji huu umezoea kuupenda muziki wetu ukiwa umekatwa vipande, kama keki ya ofisini. Safari hii utaletewa mzima. Asiye na muda wa kusalimiwa abaki kwake.