Wifi Yangu Aliporejesha Mikoko

Wifi yangu alinipita kwa mengi: sura, sauti, hata mkono wa kupika samaki wa kupaka. Hayo nilimvumilia. Lakini siku alipopewa uenyekiti wa mikoko, roho iliniuma hasa.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Niño, kwetu Msambweni. Afisa wa misitu alikuja kwenye baraza la chifu akasema mikoko imekatwa kupita kiasi, na sheria sasa inataka irejeshwe. Serikali haiwezi kuweka askari kila pembe ya ufuo, akasema; wiki ijayo tuchague kamati yetu wenyewe, iamue pa kupanda, pa kulinda, na nani aruhusiwe kukata boriti. Nikajua kiti kile ni changu. Nilikuwa nikichomeka miche kwenye tope kabla sijatumwa na mtu, huku nikichekwa.

Wiki ikafika. Tumeketi, mara wifi huyo anaingia na boriti kichwani, jasho linamtiririka. Nyuma yake mumewe, na nyingine begani. Walikuwa wamebomoa paa la jiko lao.

"Shikamoo, mzee," akamwambia chifu. "Mlisema tuirejeshe mikoko. Sisi yetu hii hapa."

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka mpaka leso ikanidondoka. Leo kaumbuka, nikasema moyoni.

Afisa hakucheka. "Jamani, kurejesha ni kupanda upya. Lakini mama huyu amevunja jiko lake kwa kutii sheria. Mtampata wapi mwingine?"

Mikono ikanyooshwa. Wangu nao, maana mume wangu, kaka yake, alikuwa akinikodolea macho. Nilimwonea wivu mwanamke yule, sitafuti jina jingine.

Siku ya kupanda, maji yalipokupwa, alininong'oneza, "Wifi, mwenzio sijui hata pa kuanzia. Nishike mkono."

Nilitamani kumwacha aaibike na uenyekiti wake. Lakini miche ingekufa. Nikamwonyesha tope linalofaa, na kina cha kuchomeka, na nafasi ya kuacha. Akageuka akawatangazia wanawake yote niliyomwambia, neno kwa neno, wakampigia vigelegele.

Mikoko ilishika. Sasa ni msitu, kaa wamerudi, na wageni huletwa kuutazama. Ukiuliza njia, watoto watakuelekeza: "Kwa Mwenyekiti." Nami nikiulizwa, husema sipajui.